Gofu ya uchochoroni: kichekesho cha watoto katika katuni za kale

Mwalimu mmoja wa sanaa huko Morogoro ameniandikia kuhusu katuni za Kimarekani za miaka ya 1890 alizozikusanya mtandaoni, zile za mtoto mwenye upara na kanzu ya njano aitwaye Yellow Kid, yaani mtoto wa njano, ambazo anataka kuwaonyesha wanafunzi wake wa darasa la saba. Anasema yeye mwenyewe amekua akimsoma Madenge wa jarida la katuni la Sani, kwa hiyo utundu wa mtoto kwenye katuni si mgeni kwake, lakini hizi hazimchekeshi. Maneno yake ni haya: “Hawa watoto ni maskini wa kutupwa, nguo zimewachanika, halafu wanacheza gofu, wanafanya maonyesho ya mbwa na ya farasi. Kichekesho kiko wapi? Hatucheki umaskini wao kweli? Na je, ni kweli hii ndiyo katuni ya kwanza duniani?”

Mwalimu, nianze na lile linalokusumbua, maana ndilo lenye uzito. Kama tunacheka umaskini au hatucheki, inategemea picha ilichapishwa wapi na ilikuwa mkononi mwa nani. Mtoto huyo unayemwona alianzia kwenye jarida la watu wenye nafasi zao, kisha akahamia kwenye gazeti la Jumapili lililonunuliwa na kila mtu, na alipohama, kicheko nacho kiligeuka upande. Kabla hujamlaumu mchoraji au kumsifu, inabidi ufuatilie safari hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, majarida ya vichekesho yaliyotamba New York yalikuwa Puck, lililoanza kutoka kwa Kiingereza 1877, Judge la 1881, na Life la 1883 (hili ni Life la vichekesho, usilichanganye na lile la picha za kamera lililokuja baadaye). Pembeni yao kulikuwa na Truth, jarida lililojivunia kurasa zake za rangi. Wasomaji wake walikuwa watu wa kukaa sebuleni, na vichekesho vyao kuhusu watoto vilikuwa vya namna mbili. Kulikuwa na mtoto wa sebuleni, msafi, aliyefundwa, ambaye mbele ya wageni anasema jambo ambalo mama yake angetoa chochote lisisemwe. Na kulikuwa na mtoto wa mtaani.

Yule wa sebuleni ni urithi wa jarida la Punch la London, lililoanzishwa 1841. Mchoraji wake mkubwa wa mwanzo, John Leech, katika miaka ya 1840 alichora mfululizo kuhusu kizazi kinachoinukia: vijulanga vilivyovaa kama mabwana, vimesimama kwenye dansi au mezani, vinazungumza kama watu waliokwisha kuiona dunia yote na kuichoka. Mtoto anavaa utu uzima usiomkaa, na sisi tunauona utu uzima wenyewe ulivyo na maringo. Shika hapo, kwa sababu injini ya kichekesho hiki haikubadilika kwa miaka hamsini iliyofuata. Kilichobadilika ni mtoto aliyewekwa ndani yake.

Wa mtaani alikuwa na mchoraji wake kule New York, Michael Angelo Woolf, mzaliwa wa London, aliyefariki 1899. Watoto wa Woolf hawana viatu, wanatetemeka kwa baridi, wanaangalia vitu kwenye madirisha ya maduka, na mara nyingi wanajifanya watu wazima: mmoja bwana, mwingine bibi, wanaalikana chai isiyokuwepo. Ni picha za huruma. Msomaji anatabasamu huku moyo ukimuuma, anafungua ukurasa unaofuata, basi. Hapa wasiwasi wako una haki kabisa, Mwalimu. Mtazamaji yuko juu, mtoto yuko chini, na hata huruma yenyewe inamweka mtoto palepale chini.

Kisha akaja Richard Felton Outcault, mtu wa Lancaster, Ohio, aliyezaliwa 1863. Kabla ya katuni alikuwa akimchorea Thomas Edison michoro ya kiufundi, na mwaka 1889 alikwenda Paris na vifaa vya Edison kwenye maonyesho makubwa ya dunia. Aliporudi na kuhamia New York alichorea gazeti la mambo ya umeme, na pembeni akawa anauza vichekesho kwa majarida. Jicho lake lilikuwa jicho la fundi. Tazama jinsi alivyochora kamba za nguo, ngazi za chuma za kukimbilia moto, mbao za uzio, mabango. Hakuna kilichowekwa ili kujaza nafasi tu.

Picha ninayopenda uanze nayo ilitoka katika Truth tarehe 2 Juni 1894. Wapo watoto wa uchochoro mmoja wa mabanda, yaani majengo ya kupangisha maskini, na kijisichana kiitwacho Rosilla McGraw kinamkatalia mwenzake, Delia Costigan, kucheza naye. Sababu yake? Anasema kwa maneno makubwa yaliyovunjikavunjika kwamba, ingawa hali yao kwa sasa imewalazimu kuishi nyumba ya nyuma, wao bado ni watu wa kujitenga vilevile kama walipokuwa wakiishi ghorofa ya kwanza upande wa mbele, baba alipokuwa msimamizi wa mahali pa kufungia mbwa wanaokamatwa mitaani.

Simama hapo uitazame vizuri, maana ladha yote imo ndani ya vipimo vya nyumba. Katika mitaa ile ya wahamiaji, mwenye kiwanja alijenga jengo linaloelekea barabarani, kisha akabana jengo jingine nyuma yake, uani, ambako jua lilifika kwa shida na hewa ilikuwa haba. Chumba cha mbele kilikuwa ghali, cha nyuma rahisi. Jacob Riis alikuwa ameyaeleza maisha hayo kwa picha za kamera katika kitabu chake cha mwaka 1890, na Wamarekani wa tabaka la kati walishtuka. Sasa Rosilla, aliyeshuka kutoka banda la mbele hadi banda la nyuma, anaongea kama binti wa ukoo wa kifalme aliyenyang'anywa jumba. Na cheo cha baba anachojivunia ni kufungia mbwa.

Unaweza kusema: basi tunamcheka Rosilla. Ndiyo, kwa sehemu. Lakini fikiria nani mwingine mjini New York mwaka huo alikuwa akisema maneno yaleyale kwa matamshi safi. Matajiri wa jiji hilo walikuwa wakipimana kwa nani anaishi mtaa gani, nani kaalikwa, nani kaachwa, na baba wa nani alikuwa nani. Rosilla ameipokea lugha hiyo nzima nzima na kuishusha uchochoroni, na ikifika huko tunaona ilivyo nyepesi: kwamba hata kati ya watu wasio na kitu, mtu atapata wa kumdharau, mradi ana ghorofa moja zaidi. Pembeni mwa picha hiyo, mdogo, yupo mtoto mwenye upara na kanzu. Hana la kusema bado.

Picha nyingine ni ya Truth vilevile, ya tarehe 9 Februari 1895, nayo ndiyo daraja. Ili uielewe ujue kwanza Brownies. Hao walikuwa vijitu vidogo vya kuchekesha vilivyochorwa na Palmer Cox, Mkanada, katika jarida la watoto la St. Nicholas tangu 1883. Kila usiku watu wakilala, Brownies walitoka kujaribu starehe za binadamu: baiskeli, tenisi, besiboli, kuteleza kwenye barafu, kwenda pwani. Watoto wa Marekani waliwapenda kupita kiasi, vitabu vikauzwa, na sura zao zikawekwa kwenye kila bidhaa. Outcault akachora watoto wa Wodi ya Nne, mtaa wa watu wa hali ya chini kabisa upande wa kusini wa Manhattan, wamejipamba wawe Brownies. Mickey, msanii wao, anammalizia rangi mwenzake Chimmy na kumwambia kwamba Palmer Cox angekuona sasa hivi, angekuwekea hakimiliki papo hapo.

Hilo la hakimiliki ndilo linaloniacha hoi kila mara. Mtoto wa Wodi ya Nne anajua Brownies ni nani, anajua kuna mtu mmoja anayewamiliki, na anajua kwamba kitu kikipendwa kuna mtu anakifanya pesa. Woolf asingemchora hivyo. Watoto wa Outcault wanajua mji wao unavyokwenda, na wanauigiza kwa makusudi.

Siku nane baadaye, tarehe 17 Februari, picha hiyo ikachapishwa tena katika New York World, gazeti la Joseph Pulitzer, na hapo ndipo kicheko kinapogeuka. Pulitzer alikuwa mhamiaji kutoka Hungaria, na gazeti lake alilijenga juu ya wafanyakazi, wahamiaji na watoto wao. Toleo la Jumapili liliuzwa senti 5, na tangu 1893 lilikuwa na kurasa za rangi. Baba aliyekuwa bado anahangaika na Kiingereza aliweza kuitazama picha kubwa ya ukurasa mzima, na mwanawe akamsomea maandishi yaliyotapakaa kwenye kuta na mabango ya picha hiyo. Watu waliokuwa wakitazamwa sasa ndio waliokuwa wakitazama.

Tarehe 5 Mei 1895 likatoka Sarakasi Katika Uchochoro wa Hogan, na kuanzia hapo Outcault akawa anarudi uchochoroni mara kwa mara. Angalia sasa mada zake. Novemba 1895, maonyesho ya farasi yanarudiwa na watoto wa mabandani. Mwanzoni mwa 1896, gofu. Februari, maonyesho makubwa ya mbwa. Aprili, sarakasi ya ridhaa iliyotangazwa kuwa onyesho dogo kuliko yote duniani, wakati sarakasi ya Barnum na Bailey ilijitangaza kila mahali kuwa kubwa kuliko yote duniani. Mei, mbio za farasi.

Kwa nini hizo? Kwa sababu hizo ndizo zilizokuwa starehe za kujionyesha za matajiri, na kila moja ilikuwa na msimu wake. Maonyesho ya farasi yalikuwa yakifanyika Madison Square Garden tangu 1883, ya mbwa yalianza 1877. Gofu ilikuwa ugeni mtupu: klabu maarufu ya kwanza kudumu, ile ya Yonkers, ilianza 1888, na shirikisho la gofu la Marekani liliundwa 1894. Magazeti yaliandika safu kwa safu juu ya mikusanyiko hii, na katika maonyesho ya farasi mwandishi aliwatazama zaidi wanawake jukwaani kuliko farasi uwanjani: nani kaja, kavaa nini, kakaa karibu na nani. Msomaji wa mabandani alikuwa akiyasoma hayo wiki nzima katika gazeti lilelile. Ikifika Jumapili anamkuta mbwa koko amefungwa utepe, watoto wamejipanga kuwa waamuzi, na kila mtu ana sura ya uzito wa hali ya juu. Anayechekwa hapo ni nani? Mbwa koko ni mbwa tu. Kinachochekesha ni uzito ule wa sura, ambao si wa watoto.

Wewe na mimi tunalijua jambo hili kwa macho yetu. Watoto wa uswahilini wakicheza chandimu kwa mpira wa makaratasi, huku mmoja amekaa juu ya tairi anatangaza mechi kwa sauti ya mtangazaji wa redio, tunacheka sana, na hatucheki kwa sababu hawana viatu. Tunacheka kwa sababu amemwiga mtangazaji mpaka pumzi, na safari ijayo tukimsikia mtangazaji mwenyewe tutamkumbuka yule mtoto.

Ni katika kipindi hicho, mapema 1896, ndipo kanzu ya mtoto ilipokuwa ya njano na kubaki hivyo. Utakutana na hadithi kwamba fundi wa mitambo alikuwa akitafuta mahali pa kujaribia wino wa njano uliokataa kukauka, akaitia kwenye kanzu hiyo. Usiwafundishe wanafunzi. World lilikuwa likichapa rangi, njano ikiwemo, kabla mtoto huyo hajazaliwa kwenye karatasi. Rangi ilichaguliwa kwa sababu inaonekana: ndani ya ukurasa wenye watoto thelathini, mbuzi, paka na ngazi, jicho linahitaji pa kutua. Jina lake lilikuwa Mickey Dugan. Upara ni wa mtoto aliyenyolewa kwa sababu ya chawa, kama walivyonyolewa watoto wengi wa mitaa ile, na maneno yake yakawa yanaandikwa kifuani kwenye kanzu.

Oktoba 1896 tajiri kijana William Randolph Hearst, aliyekuwa amenunua New York Journal mwaka uliotangulia, akamnunua na Outcault. Pulitzer akamweka George Luks aendelee na uchochoro uleule, na kwa muda mji ukawa na watoto wawili wa njano, mmoja kila gazeti. Sura yake ikawa kwenye vifungo vya nguo, bazoka, sigara na biskuti. Maneno ya yule Mickey msanii kuhusu hakimiliki yalikuwa yametimia.

Kwa Hearst ndipo ilipotoka, tarehe 25 Oktoba 1896, picha ya santuri ya mtoto wa njano, na hii inajibu sehemu ya swali lako la mwisho. Mashine ya Edison ya kunasa sauti iligunduliwa 1877, na kufikia miaka ya 1890 watu walikuwa wakilipa sarafu kusikiliza mashine kwenye kumbi za mjini. Ilikuwa starehe mpya, na Outcault aliijua mashine hiyo kutoka ndani. Katika vipande vitano vinavyofuatana, mtoto anasimama mbele ya mashine inayomwaga sifa za kurasa za rangi za gazeti lake na za mtoto mwenyewe. Mwishoni kasuku anatoka ndani. Mtoto anaanguka chali kwa mshangao, na kwa mara ya kwanza katika mfululizo huo anasema kwa kiputo cha maneno kinachotoka kinywani badala ya maandishi ya kifuani, akiapa atamkomesha ndege huyo wakifika nyumbani. Ona mpango wake ulivyo: mashine inayodaiwa kusema kama kiumbe hai ni kiumbe hai kinachosema kama mashine. Kichekesho kama hicho kisingewezekana katika picha moja kubwa. Kinahitaji kungoja, kipande baada ya kipande.

Lakini katuni ya kwanza duniani? Hapana. Rodolphe Töpffer wa Geneva alikuwa ametoa hadithi za picha zinazofuatana tangu miaka ya 1830. Wilhelm Busch wa Ujerumani alitoa Max na Moritz, watundu wawili, mwaka 1865. Ally Sloper alianza Uingereza 1867. Viputo vya maneno vilikuwepo kwenye michoro ya Kiingereza ya karne ya 18. Alichothibitisha mtoto wa njano ni kwamba mhusika mmoja anayerudi kila wiki anaweza kuuza gazeti, na hilo si dogo: wenye magazeti wote walilishika. Desemba 1897 Rudolph Dirks akaanzisha katika Journal ndugu wawili watundu waliochotwa waziwazi kutoka kwa Busch, na tasnia ikaendelea toka hapo.

Sasa kuhusu darasa lako, nina mambo mawili ya kukuomba.

La kwanza, usizichukue zote kwa mkupuo. Katika picha hizohizo zinazowacheka matajiri wa maonyesho ya farasi, watoto weusi wamechorwa kwa midomo na macho yaliyovimbishwa, Wachina na Wayahudi kwa sura za kudhalilisha. Outcault hakuwa na huruma hapo. Baadaye, katika New York Herald, alichora mfululizo mzima wa mtoto mweusi kwa mtindo huohuo wa dharau. Mtu aliyeona wazi kiburi cha tabaka hakuona kiburi cha rangi aliyokuwa nayo mwenyewe. Watoto wa miaka kumi na tatu wanaweza kulizungumza hili, na vizuri tu, lakini wape muda wake na somo lake, lisiwashtukie katikati ya kicheko.

La pili, waambie nani aliyeyauza magazeti hayo. Waliouza barabarani walikuwa watoto, wengi wao wa mabanda yaleyale. Walinunua nakala mia za gazeti la kila siku kwa senti 50 na kuziuza senti moja moja. Wakati wa vita vya Marekani na Hispania, 1898, Pulitzer na Hearst walipandisha bei ya mia ikawa senti 60, na vita vilipokwisha hawakuirudisha. Julai 1899 watoto wa magazeti wa New York wakagoma. Walikataa kuuza World na Journal, wakafanya mikutano ya hadhara, na mauzo yakaporomoka. Baada ya takriban wiki mbili wenye magazeti walibaki na bei yao lakini wakakubali kununua tena nakala zisizouzika, jambo lililowapa watoto nafuu kubwa. Mtoto wa njano mwenyewe alikuwa amekwisha kuachwa kuchorwa kufikia 1898. Mwaka 1902, katika Herald, Outcault alimleta Buster Brown, mtoto wa nyumba ya kitajiri, mwenye nywele zilizochanwa na mbwa aitwaye Tige, ambaye kila utundu wake unamalizikia kwenye ahadi ya kujirekebisha. Alichekesha na alimtajirisha mchoraji, ila mimi nakosa uchochoro kwenye picha hizo. Kila mtu yuko mahali alipozaliwa, na hakuna anayemwiga mwingine.

Kwa hiyo anza na Rosilla. Yaweke maneno yake kwa Kiswahili cha mtu anayejisikia, chenye maneno mazito yaliyokosewa, msichana mmoja ayasome kwa sauti mbele ya darasa, na kabla ya hapo chora ubaoni nyumba ya mbele na nyumba ya nyuma ili wajue anazungumzia nini. Halafu gofu, halafu sarakasi ndogo kuliko zote, halafu santuri na kasuku. Wakishamaliza, wape karatasi, waulize ni shughuli gani ya watu wazima wa Morogoro ambayo wao wangeiigiza uani: harusi yenye mshereheshaji na kamera, mkutano wa kampeni, mnada, ufunguzi wa mradi na utepe wake. Wape kipindi kizima, na usiwaambie wamchore nani.